Pua ya Mashine Yetu

Shikamoo moja inatosha, wanangu. Marahaba. Kaeni.

Nasikia siku hizi hapa Bombambili, Songea, kila kijana mwenye kibanda na waya wa umeme anafungua mashine ya kusaga. Vizuri, watu hawataacha kula ugali. Lakini wengi wenu mnadhani kazi ni kubonyeza swichi na kusubiri debe lijae. Mimi Leokadia nimesaga tangu mikono yangu ingali laini mpaka siku injini yangu ilipoondoka juu ya lori, na sikuanzishiwa na baba wala mume. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe muda mwingi tulikuwa tunalima shamba la mwalimu. Kuandika nimejifunza ukubwani. Mkikuta herufi imekaa vibaya, ipisheni, shikeni maneno.

Neno la kwanza ni hili: msiingize pua kwenye gunia.

Mnacheka. Mtasema bibi kachoka akili, maana msagaji mzuri mliyemwona anainama, ananusa, ndipo anapokea mahindi. Hata mimi nilifundishwa hivyo na nikafundisha wengine hivyo. Nitaeleza kwa nini nimebadilika, lakini mniache nipite njia yangu.

Aliyenipa kazi alikuwa Mzee Saidi, Myao wa Tunduru, mwenye mashine ya dizeli upande wa soko. Nilimfuata nikiwa binti niliyetoka Namtumbo kukimbia moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Akaniuliza, "Unajua nini?" Nikamwambia, "Kufagia." Akanipa ufagio, akaendelea na shughuli zake. Nilifagia unga pale mpaka kope zangu zikawa za bibi kizee. Nilikuwa nikifagia huku natazama: namna anavyofunga mkanda usiteleze, namna anavyogeuza nyundo za kinu upande wa pili zikiisha makali, namna anavyosikiliza injini kabla ya kumwaga mahindi. Hakunifundisha. Niliiba kwa macho, na yeye alijua ninaiba, akaniacha.

Siku moja alikwenda kuswali Ijumaa, mama mmoja akaja na mahindi yake, nikajifanya fundi. Nikawasha, nikamwaga. Kumbe mahindi mabichi. Yakagoma ndani, yakawa uji, chekeche likaziba, mkanda ukaanza kunuka kuungua. Mzee Saidi aliporudi akatazama, akavua kofia.

"Leokadia, haya mahindi uliyanusa?"

"Kunusa, Mzee? Mahindi si samaki."

"Alhamdulillahi. Basi leo chakula cha mchana umepata. Kaa hapo, kwangua chekeche, ule."

Nilikwangua na bisibisi mpaka jioni, yule mama amekaa mlangoni ananisonya. Ndipo Mzee akanifundisha pua. Alisema mleta mahindi ni binadamu, mazuri ataweka juu. Kwa hiyo zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, toa ya chini, halafu inama uingize uso wote, uvute. Mahindi makavu yananuka kama mkeka ulioshinda juani. Mabichi yananuka kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Yenye ukungu yanakupiga kwa ndani ya pua, kama chungu cha pombe kilichosahauliwa uvunguni. Mtu aliyezoea hahitaji kuyaona.

Mzee Saidi alipochoka na mji akarudi Tunduru kwenye mikorosho yake, na injini yake kuukuu akaniachia mimi, kwa bei ya mtu anayekupenda. Ndiyo nikaifunga hapa Bombambili. Na fundi wa mashine hiyo alikuwa Gaudens.

Gaudens ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alikufa Gaudens akiwa hajaacha kunyonya. Nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe ninahitaji kubebwa. Kwetu Wangoni tunasema mlongo, ndugu yako wa damu. Huyu kwangu alikuwa mlongo na mtoto kwa pamoja, na ndiyo maana nikimgombeza hajui anagombezwa na dada au na mama. Alipokua akapenda vyuma. Injini ikikohoa, yeye ndiye anayejua imekula nini. Na pua! Mimi nilikuwa mnusaji, Gaudens alikuwa kitu kingine. Alikuwa anazamisha kichwa ndani ya gunia kama ndama kwenye chuchu, anakaa humo, halafu anatoka nyusi nyeupe, anasema, "Mama, haya yamenyeshewa, halafu ukayachanganya na ya jirani." Mama wa watu anabaki mdomo wazi. Watu walikuwa hawasemi twende kwa Leokadia. Walisema, "Twende kwa Pua."

Sasa muielewe na ile miaka, kwa sababu ninyi hamkuiona. Ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani sisi wa huku kusini tulilima mahindi, ushirika ukayachukua yote, hata ya kijiji kilichojificha. Halafu ikaja ruksa, kila mtu amuuzie amtakaye. Maneno matamu. Madukani tukaanza kuona sabuni za kunukia, mitumba, redio za kila rangi. Lakini malori ya wanunuzi yalikuwa yanafika pale yanapotaka. Mahindi yakabaki majumbani. Watu waliyaweka darini, yakajaa, wakayaweka sebuleni, yakajaa, wakayaingiza vyumbani. Nilihudhuria harusi moja, bibi harusi akaingizwa chumbani akatoka amekasirika: kitandani yamelala mahindi.

Na mahindi yakikaa mahali pasipo hewa yanaota ukungu. Kwetu mahindi ya ukungu hatutupi. Unachambua, mabaya kidogo kuku, mabaya zaidi yanasagwa kwa ajili ya komoni, pombe yetu ya mahindi, maana wanywaji wa komoni hawaulizi. Kwa hiyo kuna msimu mashine yangu ilikuwa inatoa vumbi lenye rangi ya majani. Tulikuwa tunapiga chafya, tunacheka, tunaendelea.

Gaudens alianza kuvimba uso asubuhi. Tukasema amelala vibaya. Halafu miguu. Halafu akawa anapumzika kila baada ya kuzungusha hendeli ya injini, yeye ambaye alikuwa anaizungusha kwa mkono mmoja huku anakula muwa. Hospitali wakasema figo zake zote mbili zimekufa. Alipelekwa Dar es Salaam, na kule wakasema aende India akawekewe ya mtu mwingine, na huyo mtu atoke kwenye damu yake.

Daktari mmoja pale Dar alinichorea figo kwenye karatasi, akanieleza kwamba damu inapita humo, uchafu unabaki, safi inaendelea.

Nikamwambia, "Basi hilo ni chekeche."

Akafikiri. "Ndiyo, mama. Ni chekeche."

"Mimi ninayo mangapi?"

"Mawili."

"Na mtu anaweza kuishi na moja?"

"Kama ni zima, anaishi."

"Basi chukua moja. Hata mashine yangu haina mawili."

Watu wananiuliza mpaka leo kama niliogopa. Niliogopa ndege. Kisu sikukiogopa. Nilirudi na kovu refu kuliko la Gaudens, na tukikutana kwenye sikukuu bado tunabishana nani aliumia zaidi.

Kule India walitupa masharti, na dada mmoja Mtanzania aliyekuwa anauguza pale akatufafanulia vizuri. Alisema mwili una askari wake. Askari hao wakiiona figo ya Leokadia ndani ya Gaudens watasema huyu mwizi, wataipiga mpaka ife. Kwa hiyo Gaudens atakunywa vidonge vya kuwalaza hao askari, kila siku, maisha yake yote. Lakini askari wakilala, mlango nao hauna mlinzi. Aepuke msongamano wa watu, aepuke maji yasiyochemshwa, aepuke vumbi na ukungu.

Tukarudi Songea, tukatii yote, kwa namna tulivyoyaelewa. Fausta, mke wa Gaudens, alikuwa anachemsha maji mpaka sufuria ikatoboka. Mkate ukikaa siku ya pili anampa mbwa. Barabara ya mbele ya nyumba alikuwa anaimwagia maji kama bustani ili magari yasitimue vumbi. Wapita njia walimcheka. Tulikuwa makini, wanangu, msidhani tulikuwa wazembe.

Lakini unga? Kwa watu wa mashine unga haukuwa vumbi. Vumbi ni la barabarani, unga ni chakula. Na ukungu ni ule wa kijani unaouona juu ya mkate, unautupa, umekwisha. Kwa hiyo Gaudens alipopata nguvu akasema anachoka kukaa kibarazani kama kuku anayeatamia, tukakaa kikao cha ukoo. Tukaamua arudi kwenye mashine lakini asinyanyue gunia, asizungushe hendeli, asipande juu ya injini. Tumpe kazi nyepesi kuliko zote.

Tukampa kunusa.

Tukamtengenezea na kiti chenye mto. Wateja walifurahi mno, Pua amerudi! Kila mtu alimletea gunia lake mpaka miguuni, kwa heshima, mgonjwa asisumbuke kusimama.

Msimu haukuisha akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, halafu homa za jioni, halafu akawa anakonda, halafu siku moja nikaona leso yake ina damu naye anaifumbata mkononi nisiione. Mnajua miaka ile mtu akikohoa na kukonda watu walikuwa wanasema nini. Jirani mmoja alimuuliza Fausta kisimani, kwa sauti ya huruma yenye meno, "Na wewe umepima, dada?" Fausta akarudi na ndoo tupu. Nilikwenda kwa huyo jirani. Niliyomwambia siyaandiki.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Wakapima makohozi, kifua kikuu hakuna. Wakapiga picha ya kifua, pafu moja lina doa mviringo, kubwa kama limau. Daktari, mama mmoja mtulivu mwenye mvi, akanikalisha.

"Mama, mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi, daktari. Tumempumzisha. Ananusa tu."

"Ananusa nini?"

"Mahindi."

"Nionyeshe anavyonusa."

Nikachukua mto wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, nikaukumbatia kama gunia, nikazamisha uso, nikavuta mpaka mabega yakapanda. Nilipoinua kichwa, daktari alikuwa amevua miwani.

Alinieleza taratibu, bila kunidharau. Alisema ukungu una mbegu ndogo, hazionekani, zinaelea. Mimi nazivuta, yeye anazivuta, wote wa Songea tunazivuta, na askari wetu wanazimaliza kabla hatujajua. Askari wa Gaudens wamelazwa na vidonge. Mbegu zimeingia, zimekuta pafu lina joto na unyevu, zimeota.

"Kwenye pafu la mtu?"

"Kama kwenye mahindi."

Nilitafuta wa kumkasirikia nikakosa. Mto wa kiti kile niliushona mimi.

Daktari akaongea kwa simu na wenzake wa Dar, wakakubaliana. Dawa ipo, inapatikana kwenye maduka ya watu binafsi. Ya maji, inapitishwa kwenye mshipa taratibu, siku nyingi. Inaua ukungu. Lakini akaniambia na upande wa pili: dawa hiyo ni kali kwa figo. Inaweza kuichosha ile moja aliyo nayo, inaweza hata kuiua. Asipoitumia, ukungu utamaliza pafu, na hautaishia pafuni.

Nilirudi nyumbani kutafuta namna ya kuipata. Kesho yake Fausta akaja kwenye mashine, hakuingia, amesimama nje.

"Wifi, hataki."

"Hataki nini?"

"Dawa. Amesema apewe ya kikohozi arudi nyumbani. Nimelia, nimepiga magoti, amegeukia ukutani."

Nilizima injini na mahindi ya watu yakiwa ndani, kitu ambacho nawakataza ninyi kukifanya maana kesho yake haiwaki, nikaenda kama nilivyo. Wodini sista akanizuia mlangoni: nimejaa unga. Akanipa ndoo na gauni la wagonjwa. Nikaoga, nikavaa lile gauni lisilofunga mgongoni, nikaingia. Gaudens aliponiona kidogo acheke, akakumbuka amekasirika.

"Nasikia unagoma."

"Dada, niache."

"Siwezi kukuacha, nimetoka kwenye mashine nimevaa nguo, sasa tazama nilivyo. Sema."

Akalala chali. Halafu akasema, ametazama dari, "Figo hii si yangu."

"Ya nani?"

"Yako. Ulipasuliwa kwa ajili yake. Mimi nikubali dawa ya kuiua, nikuangalie na macho gani? Bora nife nayo ikiwa nzima."

Wanangu, mimi si mtu wa kulia. Siku ile nilishika chuma cha kitanda.

"Gaudens, nani amekwambia nilikuazima?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ukipewa kitu ni chako. Ukikivunja umevunja chako. Sikupasuliwa ili wewe uitunze figo. Nilipasuliwa ili figo ikutunze wewe. Ikichoka, ichoke. Chekeche likitoboka tunasema limetoboka, tunatafuta jingine, tukikosa tunakaa chini tunafikiri. Fundi akifa naweka nini pale?"

"Na ikifa kweli?"

"Ikifa imekufa kazini. Mama aliniachia wewe, hakuniachia figo yako niihesabu. Mimi nataka mtu. Nataka kelele zako. Geuka huku nikuone unaponijibu."

Akageuka. Macho yamejaa. Akasema, "Gauni lako liko wazi nyuma, dada. Wodi nzima inakuona."

"Waache waone. Unakubali?"

"Nimekubali. Funga."

Dawa ilitoka Dar es Salaam na basi. Ilitakiwa ikae kwenye baridi, kwa hiyo ndugu yetu wa kule aliitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, akamkabidhi dereva, na kila kituo yule dereva akawa anatafuta barafu kwenye mabaa. Mtu asiyetujua. Injini ya pili niliyokuwa naiota, ya kukobolea, nayo ilikwenda na dawa hizo, na sijawahi kuiota tena.

Kila ilipopitishwa alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinatembea. Kwanza walimjaza maji ya dripu ili figo iwe na cha kufanyia kazi, halafu dawa, halafu ndiyo mtetemo. Mimi nilikuwa nalalia miguu yake, Fausta kashika mabega. Siku moja meno yanagongana hivyo akasema, "Dada, niko kama kinu chenye bolti moja." Tukacheka, sista akaja kutufukuza, akakuta tunacheka na kulia, akatuacha.

Homa ikashuka. Damu ikakoma. Doa likapungua picha baada ya picha. Daktari akapima figo, nikiwa nimesimama pale, akasema imepungua nguvu, lakini inafanya kazi. Baadaye wakambadilishia dawa ya kumeza, na vidonge vya kulaza askari wakavipunguza kwa hesabu yao. Nilimuuliza Gaudens anajisikiaje. Akasema, "Chekeche limelegea. Halijatoboka."

Alipotoka hospitali, daktari akatoa amri moja mbele yangu: mashine asiikanyage. Na mimi nikaongeza zangu. Mahindi yote yafunguliwe nje, upande ambao upepo unatoka kwenye nyumba ya Gaudens ng'ambo ya barabara, si unaokwenda kwake. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Wasagaji wafunge kitambaa puani. Magunia yakae juu ya mbao, yasigusane na ukuta. Ya ukungu sisagi, hata ya komoni, nenda kwa mwingine. Wateja wengine walihama, wakasema Leokadia kaenda India karudi mzungu. Waende.

Na kunusa, mwisho. Mzee Saidi alikuja kutoka Tunduru na mfuko wa korosho kumjulia hali mgonjwa. Nikamweleza yote. Akainamisha kichwa.

"Innalillahi. Pua niliwafundisha mimi."

"Ulitufundisha sisi ambao askari wetu wako macho, Mzee. Na pua imetulisha miaka yote."

Akatafuna korosho yake akiwaza. Ndipo akanipa njia aliyoionyeshwa na bwana shamba wa kwao, nami nawapa ninyi: chukua chupa kavu, tia mahindi, tia chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yana maji, mrudishie mwenyewe akaanike. Isiposhika, saga. Halafu uma punje moja: kavu inavunjika na mlio, mbichi inabonyea. Ukungu utazame kwa macho, juani, mkononi. Uso wako uuache mahali pake. Hujui ndani ya mwili wako askari wangapi wako macho, wala wa huyo kijana uliyemwajiri.

Gaudens alichukia kufukuzwa. Nyumba yake ilitazamana na mashine, barabara katikati. Siku za kwanza alikaa kibarazani amenipa mgongo, kusudi nione. Halafu siku moja nasaga, nikasikia filimbi. Kageuka, amesimama, anapiga filimbi ya vidole, anazungusha mkono. Nikazima.

"Nini?"

"Beari ya kushoto! Inalia! Huisikii?"

"Sisikii kitu!"

"Kwa sababu umekaa nayo! Mtu wa mbali ndiye anasikia! Itie grisi!"

Nikafungua. Beari ilikuwa kavu kama mfupa. Tangu siku hiyo aliendesha mashine yangu kwa masikio, kutoka ng'ambo ya barabara. Mkono juu, mkanda umelegea. Vidole viwili, chekeche limeanza kuchanika. Kujishika kichwa, dada zima haraka. Mafundi wapya niliowaajiri walikuwa wanamwogopa kuliko mimi. Wateja wakaacha kusema kwa Pua, wakasema kwa Sikio.

Mimi na yeye tulikuwa tunapigiana kelele mchana kutwa, lakini kumgusa ilikuwa kazi. Nyuma ya mashine nilijenga bafu la mabua. Nikimaliza kusaga, ndoo, sabuni, nywele, masikio, mpaka ndani ya kucha, halafu navaa khanga inayokaa kwenye kamba ya Fausta, haijawahi kuingia kwenye mashine. Ndipo navuka barabara kwenda kumsalimia mdogo wangu. Kila jioni, masika na kiangazi. Watoto wake walikua wakidhani shangazi yao ananukia sabuni kwa asili.

Miaka imepita hivyo. Ile figo yenye nguvu pungufu imewaona wanawe wakimaliza shule. Umeme ukafika, mashine zenu zikafunguka kila kona, magoti yangu yakachoka kuzungusha hendeli. Injini akainunua mtu wa Namtumbo. Siku ilipopakiwa Gaudens alisimama kibarazani amevua kofia kama mtu aliye mazikoni, mpaka lori likapotea.

Jengo nikaliosha. Nikatoa mbao, nikatoa magunia, nikakwangua kuta, nikamwaga maji, nikapaka chokaa mara mbili, nikaacha milango na madirisha wazi kiangazi kizima jua lipige. Niliposema nipaweke duka la vocha na soda, Fausta akapanga chupa. Ilikuwa asubuhi, nimetoka shambani na jembe, jasho tupu, nikaingia dukani kuona kama rafu zimekaa sawa.

Nikasikia hatua mlangoni. Gaudens. Amevuka barabara.

Akaingia polepole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Akaenda mpaka kwenye zege palipokuwa na injini, akainama, akaweka kiganja. Halafu akainua uso, na nikaona mbawa za pua zikifunguka, vile vile.

"Hapanuki kitu, dada."

"Nimeosha."

"Hata unga?"

"Hata unga."

Akanijia, mikono wazi. Kwa mazoea nikarudi nyuma. "Subiri, sijaoga."

"Unga hakuna. Unakwenda kuoga nini?"

Nilisimama na jembe langu. Akanikumbatia, mzee mwenzangu sasa, ameweka uso begani kwangu, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yake yakapanda.

"Wewe," akasema, "kumbe huwa unanukia kama mama alipotoka shamba."

"Mama hukumjua. Ulikuwa mchanga."

"Nilikuwa mgongoni kwako. Harufu si ndiyo hii?"

Nikaweka jembe chini, nikamwacha anuse.